Ukitafuta Neno la Kihispania, Anzia Kiswahilini

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kihispania kwenye neno "time". Utakuta "tiempo", "hora", "vez", "época", "rato", "plazo", na mengine chini yake. Mwenye haraka huchukua la kwanza. Anataka kusema amewahi kufika Madrid mara tatu, anaandika "tres tiempos", na anayesoma anabaki kujiuliza ni nyakati gani hizo tatu. Alichohitaji ni "tres veces".

Sasa iweke kamusi pembeni kwanza, useme jambo lako kwa Kiswahili. Nimefika mara tatu. Saa hizi ni saa ngapi? Sina muda. Ngoja kitambo kidogo. Enzi za babu hapakuwa na simu. Kiswahili kimekwisha kukuchambulia: mara ni "vez", saa ni "hora", muda ni "tiempo", kitambo kidogo ni "un rato", enzi ni "época", na muda uliopangiwa kurudisha fomu ni "plazo". Aliyerundika yote hayo ndani ya neno moja ni Mwingereza, si wewe.

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaingia Kihispania kwa mlango wa Kiingereza. Kamusi ni za Kiingereza, programu za simu zinaeleza kwa Kiingereza, na vitabu vya sarufi vimeandikiwa wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Tunapata msaada, lakini tunabebeshwa pia shida za watu hao kana kwamba ni zetu. Yapo maneno ambayo kwao ni kichwa kuuma na kwetu si chochote. Yapo mengine ambayo Kiswahili nacho kitakupoteza, na hayo tutayafikia.

Pale ambapo kazi imekwisha kufanyika

Kitabu cha Kiingereza kitatumia ukurasa mzima kutofautisha "preguntar" na "pedir", kwa kuwa kwao yote ni "ask". Kwako wewe "preguntar" ni kuuliza na "pedir" ni kuomba. Basi. Mgahawani unaomba bili, kwa hiyo "pides la cuenta". Barabarani unauliza njia, kwa hiyo "preguntas". "Save" nayo ni hivyo hivyo: kuokoa maisha ni "salvar", kuweka akiba ni "ahorrar", kuhifadhi faili kwenye kompyuta ni "guardar". "Date" ikiwa ni tarehe ni "fecha", ikiwa ni miadi ni "cita", ikiwa ni tende ni "dátil". "Nail" ya seremala ni msumari, "clavo". Ya kidoleni ni ukucha, "uña". "Wood" ya fundi ni mbao, "madera". Ya jikoni ni kuni, "leña". Ukiingia msituni ni "bosque". Na mpira unauchezea, "jugar", lakini gitaa unalipiga, "tocar". Mwingereza anatumia kitenzi kimoja kwa vyote viwili, ndiyo maana wanafunzi wake husema "jugar la guitarra".

Mashabiki wa La Liga wana bahati zaidi. "Goal" ya Kiingereza ina sura tatu: bao, lango na lengo. Bao ni "gol". Lengo ni "objetivo" au "meta". Lango ni "portería" Hispania, na "arco" Argentina na kwingi Amerika Kusini. Anayelilinda ni "portero" kule kwa kwanza, "arquero" huku kwa pili. Ukitazama vizuri, "portero" ni yule bawabu wa jengo pia, mtu wa mlangoni. Na sisi tunamwita mlinda lango. Hapo huhitaji hata kukariri.

"Free" inadai tahadhari kidogo. Bure ni "gratis", huru ni "libre", na kwa kawaida mgawanyo huo unatosha. Lakini teksi ya Madrid yenye maandishi LIBRE haikubebi bure. Inasema haina abiria. Na bango la "entrada libre" linakuambia ingia tu, huulizwi tiketi wala mwaliko. "Right" vilevile: kulia ni "derecha", haki ni "derecho", sahihi ni "correcto". Hata hivyo, mtu wa mtaani akikuelekeza "siga derecho", usikate kulia. Anakwambia nenda moja kwa moja. Herufi moja tu, o badala ya a, na umeishia mtaa mwingine.

Kuna pia lile kundi la "nina". Mwingereza husema yeye "ni" mwenye njaa, "ni" wa miaka ishirini, kwa hiyo anafundishwa kwa taabu kwamba Mhispania ana njaa na ana miaka. Wewe umezaliwa ukisema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina haraka, nina miaka ishirini. Tafsiri neno kwa neno: "tengo hambre", "tengo sed", "tengo sueño", "tengo prisa", "tengo veinte años". Ukipitia Kiingereza utaandika "soy veinte años", kosa ambalo Kiswahili kisingekuruhusu kulifanya. Joto ndilo la kuangalia. Ukisikia joto ni "tengo calor". Kukiwa na joto nje ni "hace calor". Supu ya moto ni "sopa caliente". Pilipili kali ni "picante". Anayeitoa "hot" yake kamusini na kutangaza "estoy caliente" mbele ya wakwe amesema ana ashiki.

"Ser" na "estar", au faida ya -me-

Hapa tukae kidogo, maana hakuna neno la Kiingereza lenye kutesa wanafunzi wa Kihispania kama kitenzi chao cha "kuwa". Kihispania kina viwili, "ser" na "estar". Kanuni inayofundishwa ni kwamba "ser" ni ya mambo ya kudumu na "estar" ni ya mambo ya kupita. Kanuni hiyo ni mbovu. Mtu akifa, Mhispania husema "está muerto", na hakuna kinachodumu kuliko hicho. Mji wa Madrid hauhami, na bado "Madrid está en España".

Jaribu njia nyingine. Kwanza, penye -po, -ko au -mo, weka "estar". Yuko Nairobi: "está en Nairobi". Funguo zimo ndani ya begi: "las llaves están en la bolsa". Penye kuna, weka "hay": kuna maji, "hay agua". Kuhusu mahali tatizo lako kubwa litakuwa moja tu, nalo ni shughuli. Uwanja wa Bernabéu "está" Madrid, lakini mechi "es en el Bernabéu". Sherehe, mkutano, harusi, mazishi, kila kinachofanyika mahali badala ya kuwekwa mahali, huchukua "ser".

Pili, sikiliza -me-. Kiswahili kina namna ya kueleza hali ya mtu kwa kitenzi cha jambo lililokwisha kumpata: amechoka, amelala, amekaa, amekasirika, amelewa, amelowa, amepotea. Yote hayo kwa Kihispania ni "estar": "está cansado", "está dormido", "está sentado", "está enojado", "está borracho", "está mojado", "está perdido". Mlango umefungwa, "está cerrada". Kikombe kimevunjika, "está rota". Basi limejaa, "está lleno". Embe limeiva, "está maduro", na likioza, "está podrido". Na amekufa? "Está muerto". Kile kinachomkera Mwingereza kinakaa sawa kabisa kwenye kundi hili, kwa sababu kudumu wala kupita hakuhusiki. Kinachohusika ni hali iliyobaki baada ya tukio.

Si kila -me- itakubali. Amekula ni "ha comido", amefika ni "ha llegado", maana hapo unasimulia tendo, huelezi hali ya mtu. Jiulize kama sentensi yako inajibu swali la "yukoje sasa?" Ikijibu, "estar". Na ikiwa unataja tu mtu ni nani au kitu ni cha aina gani, yaani penye ni tupu, mara nyingi ni "ser": ni mwalimu, "es profesora"; ni mrefu, "es alto".

Faida inaonekana kwenye vivumishi vinavyobadilika maana. "Es listo" ni mwerevu, "está listo" ni yuko tayari. Tazama -ko ilivyojitokeza yenyewe. "Es aburrido" ni anachosha, "está aburrido" ni amechoshwa. "Es verde" ni cha kijani, "está verde" ni kibichi, hata embe likiwa jekundu ganda zima. Neno ambalo Kiswahili hakikusaidii ni mgonjwa: tunasema ni mgonjwa, wao wanasema "está enfermo". Hilo likariri.

Pale ambapo Kiswahili nacho kinakupoteza

Mguu ndio wa kwanza. Kwetu ni kuanzia pajani hadi unyayoni, na wa meza ni mguu, na wa ng'ombe ni mguu. Mhispania ana "pierna" ya binadamu, "pie" kuanzia kifundo kwenda chini, na "pata" ya mnyama na ya meza. Ukimwambia daktari unaumwa "la pata" atacheka kabla hajakupima. Mkono pia ni miwili: "brazo" na, kuanzia kifundo cha mkono, "mano". Kidole kinakuokoa, kwani "dedo" ni cha mkononi na cha mguuni, kama chetu.

Samaki akiwa majini ni "pez". Akishavuliwa na kuletwa sokoni ni "pescado". Kwenye menyu kwa kawaida hutakuta "pez" peke yake. Kona ya barabara, unayoipinda kwa nje, ni "esquina". Kona ya chumba, unayomsimamisha mtoto mtukutu, ni "rincón". Na ya mpira ni "córner" au "saque de esquina". Kioo kinachotumika dirishani ni "vidrio" au "cristal", lakini cha kujitazamia ni "espejo". Bilauri ni "vaso", na ile yenye kishikio chembamba na kitako ni "copa". Usidanganywe na kopo letu, ambalo tulilipata kwa Wareno na sasa ni la bati au plastiki.

Saa ina mitego miwili. Ya mkononi ni "reloj", ya kuhesabu ni "hora". Na saa yenyewe haihesabiwi kama yetu. Saa tatu asubuhi ni "las nueve", saa moja jioni ni "las siete". Kila mtu anajua hivyo kwa Kiingereza, lakini akili ikianza kwenda moja kwa moja kutoka Kiswahili kwenda Kihispania, kama ninavyokusihi, itateleza hapo. Andika miadi kwa tarakimu mpaka uzoee.

Kujua kunataka uangalifu zaidi. "Saber" ni kujua habari au kujua kufanya jambo: najua anakaa wapi, najua kuogelea. "Conocer" ni kufahamiana na mtu au kuwahi kufika mahali. Kwa hiyo "conozco Zanzíbar" inadokeza umefika, umetembea Darajani na Forodhani. Kujua tu kwamba iko Bahari ya Hindi hakutoshi. Kipimo changu: kama unaweza kuweka nafahamiana na au nimewahi kufika, ni "conocer". Katika wakati uliopita maana husogea: "lo conocí en Lima" ni nilikutana naye kwa mara ya kwanza Lima, na "lo supe ayer" ni nilipata habari jana.

"Por" na "para" nazo hukutana ndani ya kwa. Palipo na ili au kwa ajili ya, weka "para". Palipo na kwa sababu ya, kupitia, badala ya, au kwa bei ya, weka "por". Asante kwa zawadi ni "gracias por el regalo", maana zawadi ndiyo sababu ya asante. Zawadi yenyewe ni "para ti".

Upande wa pili, kuna mahali Kihispania ndicho kitakachokuona una mambo mengi. Mpunga, mchele na wali vyote ni "arroz". Mjomba na baba mdogo wote ni "tío", na ukitaka kuwatenganisha itabidi useme ni ndugu wa mama au wa baba.

Kuishika kamusi

Ukifika pale ambapo Kiswahili hakijakukata kiu, rudi kwenye kamusi, lakini isome yote. Kile kijineno kilichochapwa kwa herufi za mlazo kando ya tafsiri ndicho chenye thamani kuliko tafsiri yenyewe. Kwenye "bank", ndicho kinachokuambia hii ni ya mto, hii ni ya fedha. Usiruke "m." na "f." pia. "Order" ya Kiingereza inaleta "orden" mara mbili: "el orden" ni mpangilio, "la orden" ni amri. Oda ya bidhaa dukani ni "pedido". "Capital" hali kadhalika: "el capital" ni mtaji, "la capital" ni mji mkuu, na herufi kubwa si mojawapo ya hizo, ni "mayúscula".

Halafu geuza kamusi. Tuseme godoro lako limetoboka na springi imechomoza, unataka kumweleza mwenye nyumba huko Barcelona. Kwenye "spring" kuna "primavera", "manantial", "muelle" na "resorte". Chukua kila moja ulitafute upande wa Kihispania. "Primavera" inarudi kama majira ya kuchipua, itupe. "Manantial" ni chemchemi, itupe. "Resorte" inarudi springi. "Muelle" inarudi springi, na chini yake inarudi pia gati, pale meli zinapofunga. Zote mbili za mwisho ni sahihi, ila sasa unajua kwamba Barcelona "muelle" ni ya kawaida zaidi kwa godoro, na kwamba ukiona "muelle" bandarini hakuna magodoro. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

Hakikisha kwa kamusi ya Kihispania kwa Kihispania mara utakapoweza kusoma japo kidogo. Ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa Madrid mwaka 1713, iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Kwa vitu vya kushikika, vifaa vya fundi, sehemu za gari, vyakula, tafuta neno upande wa picha. Ukiandika "muelle colchón" utaona mwenyewe. Mashine ya kutafsiri ipe sentensi nzima, usiipe neno tupu, na soma ilichokupa kwa macho makavu.

Angalia vilevile neno linaandamana na nani. "Take" ndiyo mfano mzuri, na tena Kiswahili kimetangulia: basi tunalipanda, picha tunaipiga, dawa tunaimeza, mtoto tunampeleka, viatu tunavivua, mtihani tunaufanya. Kihispania nacho kina "tomar el autobús", "sacar una foto", "tomar la medicina", "llevar al niño", "quitarse los zapatos", "hacer un examen". Andika daftarini vikiwa viwili viwili hivyo. Kitenzi kilicho peke yake hakikusaidii kitu.

Mwisho ni swali la unaongea na nani. Basi lenyewe ni "autobús" Hispania, "camión" katika miji ya Mexico, "guagua" Cuba na Visiwa vya Canary, "colectivo" Buenos Aires. Hispania mtu "coge el autobús" asubuhi bila neno. Mexico na Argentina kitenzi "coger" ni cha matusi, kinahusu kitandani, kwa hiyo tumia "tomar" ambayo ni salama kila mahali. Kompyuta ni "ordenador" Hispania na "computadora" Mexico. Maharage ni "judías" au "alubias" Hispania, "frijoles" Mexico, "porotos" Argentina na Chile, "caraotas" Venezuela, "habichuelas" Puerto Rico. Tiketi ya treni Madrid ni "billete", ya basi Mexico ni "boleto", ya ndege Colombia ni "tiquete", na ile unayolipia mlangoni, kiingilio chetu, ni "entrada". Ile ya trafiki, faini, ni "multa" popote uendako.

Kamusi nzuri huweka alama za nchi hizo: Esp., Méx., Arg., Col. Zipo kwa wingi zaidi kwenye Diccionario de americanismos ya mwaka 2010, nayo pia husomwa bure mtandaoni. Chagua nchi moja, ile yenye watu unaozungumza nao kweli, ufuate maneno yake mpaka ulimi uzoee. Maneno ya nchi nyingine yaandike pembeni, uyatambue ukiyasikia. Ukitaka kupumzika katikati ya kazi hiyo, tafuta "fulano", "hasta" na "azúcar" uone yalikotoka. Ni Kiarabu, kama vile fulani, hata na sukari.